Kutibu mgongo kama kazi: mwanafunzi wa Yanonge aanzie wapi?

Siku ya soko hapa Yanonge, migongo inaanza kazi kabla ya jua. Mama anatoka shambani na kitunga cha mihogo, kamba imekaa kwenye paji la uso. Vijana wanabeba magunia ya makala mpaka kwenye baleniere inayopanda Kisangani. Papa mmoja anasukuma kinga yenye madumu ya mafuta ya mawese, yeye mwenyewe ameinama kuliko kinga. Jioni, ukipita nyumba kwa nyumba, utasikia neno moja: « Mugongo inaniuma, siwezi tena kuinama. »

Sasa vijana wetu wana simu. Wanaona video za huko mbali: mtu amelala juu ya meza, mtaalamu anamgeuza kidogo, kinasikika kitu « ka! », mgonjwa anasimama anacheka. Ndipo maswali yanaanza, zaidi kwa wale wa mwaka wa sita wa humanite: kazi ile inaitwaje? Inasomewa wapi? Mtoto wa huku kwetu anaweza kuifikia?

Jibu kwa ufupi ni hili. Kazi ile inaitwa kiropraksi. Congo yetu haina chuo kikuu kinachoifundisha, kwa hiyo anayeitaka kwa kweli atavuka mpaka. Lakini miaka ya kwanza, ile ya kutayarisha kichwa na mikono, inaweza kufanyika hapa inchini. Na ikichaguliwa vizuri, itampa kijana kazi hata kama mlango wa ng'ambo haukufunguka. Tufafanue moja moja, maana kuna wazazi wako tayari kuuza shamba juu ya jambo hili.

Kiropraksi ni kazi gani?

Ni kazi ya kuchunguza na kutibu maumivu ya viungo, misuli na mifupa, zaidi uti wa mgongo, kwa kutumia mikono. Haina operesheni, na kwa kawaida haina dawa za kumeza. Ule mlio tunaosikia kwenye video si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi iliyomo ndani ya majimaji ya kiungo, sawasawa na vidole vinavyolia ukivivuta. Mlio si dalili kwamba mtu amepona.

Historia yake inaanzia Marekani, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Tarehe 18 Septemba 1895, bwana mmoja aitwaye Daniel David Palmer alisukuma mfupa wa mgongo wa Harvey Lillard, mtu mweusi aliyefanya kazi ya usafi katika jengo lile na ambaye masikio yake hayakusikia vizuri. Palmer alitangaza kwamba Lillard alianza kusikia. Mwaka wa 1897 akafungua shule yake. Alifundisha kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na mifupa ya mgongo iliyosogea.

Fundisho hilo sayansi haikulikubali. Kiropraksi haitibu malaria, haitibu kisukari, haitibu ugumba. Mtu akikuahidi hayo, ujue anauza maneno. Lakini kwa maumivu ya mgongo wenyewe, kuna kitu cha kushika. Tarehe 7 Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya kiuno yasiyoisha. Katika mambo linayokubali yamo: kumfundisha mgonjwa ajue hali yake, mazoezi ya mwili, kukanda misuli, na ule ufundi wa kusogeza viungo vya uti wa mgongo kwa mkono. Mambo lisiyoyashauri kwa kawaida ni mikanda ya kufunga kiuno, kuvutwa kwa mashine, na dawa kali za jamii ya mofini.

Na tatizo lenyewe si dogo. OMS inahesabu kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na inakadiria watafika milioni 843 mwaka wa 2050. Kwa hiyo kijana anayesema « nataka kutibu migongo » hakukosea kuchagua. Kosa linakuja njiani.

Kwa nini isichukue wiki mbili tu?

Huku kwetu kuna vinyozi wanaomaliza kukata nywele halafu wanageuza shingo ya mteja mpaka ilie. Wengi wanapenda, na mara nyingi hakuna baya linalotokea. Basi mtu anaweza kuuliza: kama kinyozi anafanya, kwa nini mimi nisome miaka mitano?

Uti wa mgongo una pingili 33: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, halafu tano zilizoungana nyuma ya nyonga na nne ndogo za kifandugu. Ndani yake unapita uti wa neva, na pembeni zinatoka jozi 31 za neva zinazokwenda mikononi, tumboni, miguuni. Katika shingo inapita pia mishipa ya damu inayolisha ubongo. Mkono usiojua hayo unacheza mahali pa hatari.

Lakini kujua kusukuma si shida kubwa. Shida kubwa ni kujua nani hupaswi kumsukuma. Mzee aliyeanguka kutoka mchikichini anaweza kuwa na pingili iliyovunjika. Mama anayekonda, anayetoka jasho usiku, mwenye homa ndogo ndogo na maumivu ya mgongo, anaweza kuwa na kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa tulio nao katika majimbo yetu. Mtu ambaye miguu inalegea, anayeshindwa kuzuia mkojo au choo, au aliyekufa ganzi katikati ya mapaja, anapaswa kufika hospitali siku ile ile. Wote hao watakuambia neno lile lile: « Mugongo inaniuma. » Ukiwageuza kwa nguvu, unaweza kuwalemaza. Miaka ya masomo, kwa sehemu kubwa, ni ya kujifunza kuwatofautisha.

Ndiyo sababu OMS, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2005 juu ya mafunzo ya kiropraksi, iliweka kipimo cha chini: saa 4200 za masomo katika miaka minne ya kusoma muda wote, na kati yake saa zisizopungua 1000 ziwe za kutibu wagonjwa chini ya macho ya mwalimu. Kwa munganga au mtaalamu mwingine wa afya aliyekwisha kusoma, mwongozo huo unakubali nyongeza ya saa zisizopungua 2200, katika miaka miwili au mitatu. Mushike hesabu hiyo ya pili, tutairudia.

Shule ziko wapi, na zinaomba nini?

Bara letu la Afrika, shule zinazojulikana ni mbili, zote za Afrika Kusini: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban, na Chuo Kikuu cha Johannesburg. Masomo ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kuingia kutoka sekondari bila kuwa na lisansi, ila diploma yake ya Serikali inapaswa kwanza kukubaliwa na ofisi za Afrika Kusini kuwa sawa na ya kwao. Anasoma shahada ya kwanza, halafu masta, ndipo anaomba kuandikishwa na baraza la inchi ile linalosimamia kazi hizo. Bila masta, hajafika.

Kwa anayetegemea Kifaransa, kuna njia mbili za mbali. Ufaransa kuna taasisi iitwayo Institut franco-européen de chiropraxie, yenye shule karibu na Paris na nyingine Toulouse. Inapokea vijana waliomaliza sekondari, masomo ni miaka mitano, na ni shule ya kulipa. Inchi ile ilianza kuitambua kazi hii kwa sheria ya tarehe 4 Machi 2002. Canada kuna Université du Québec à Trois-Rivières, inayofundisha kiropraksi kwa Kifaransa tangu mwaka wa 1993, nayo kwa miaka mitano. Ni chuo cha serikali, nafasi ni chache na wanaoziomba ni wengi.

Marekani mambo ni tofauti. Kule shule ya kiropraksi inakuja baada ya miaka ya chuo kikuu. Kwa miaka mingi kanuni ya baraza linalosimamia shule hizo imekuwa hivi: mwanafunzi awe na krediti 90 za chuo kikuu, wastani wa 3,0 juu ya 4, na kati ya krediti hizo 24 ziwe za sayansi za uhai na za maumbile, nusu yake zikiwa na kazi za labo. Halafu ndiyo anaanza masomo yenyewe ya udaktari wa kiropraksi, karibu miaka minne, na mitihani ya taifa ya sehemu nne.

Hapa kuna mtego unaopaswa kusikika vizuri. Katika mfumo wetu mpya wa LMD, mwaka mmoja ni krediti 60, na lisansi ya miaka mitatu ni krediti 180. Kijana anaweza kusema: « Mimi nimefika nusu ya mwaka wa pili, nina 90 tayari. » Hapana. Krediti ya Marekani inahesabiwa kwa namna nyingine: shahada yao ya miaka minne ni krediti 120, kwa hiyo 90 zao ni kama miaka mitatu kamili. Kwa lugha ya kwetu, maana yake ni kumaliza lisansi nzima ya LMD.

Mtego wa pili ni alama. Kwetu sisi, distinction inaanza kwa 70%, na mwenye 60% anapita bila aibu. Mwalimu wa Marekani akisoma 60%, anafikiri huyu ameanguka. Ndiyo maana shule nyingi zinaomba alama zipitie kwanza kwa ofisi maalumu za kulinganisha diploma. Uombe chuo chako kiandike kwenye karatasi ya alama namna ya kuzisoma. Na kama mzazi au kaka ana lisansi ya zamani, aeleze kwamba ilikuwa graduat ya miaka mitatu na juu yake miaka miwili, jumla mitano. Jina ni moja na la leo, urefu si mmoja.

Miaka ya kwanza: chagua kitu kitakachobaki mkononi

Tuchukue mfano. Binti yuko mwaka wa sita, opsyo ya biolojia na kemia. Mama yake anauza chikwange kwenye bandari. Anataka kiropraksi. Aandike nini kwenye karatasi ya kuomba chuo kikuu?

Njia ya kwanza, na kwa maoni yetu ndiyo imara zaidi, ni kinezitherapi, kazi ya wale tunaowaita wakine. Inafundishwa Kinshasa, katika kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Kinshasa na pia katika ISTM ya Kinshasa. Nchini Rwanda, Chuo Kikuu cha Rwanda kinaifundisha kwa Kiingereza. Mkine anasoma mifupa, misuli, neva, namna mwili unavyotembea, mazoezi ya kurudisha nguvu, na anafanya staji hospitalini. Masomo mengi ni yale yale ambayo shule ya kiropraksi itaomba. Na hapa ile hesabu ya pili ya OMS inarudi: anayekuja akiwa tayari mtaalamu wa afya, safari yake inaweza kufupishwa. Ni shule yenyewe inayoamua, lakini anafika na kitu mkononi.

Njia ya pili ni kubaki Kisangani. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichozaliwa mwaka wa 1963 kwa jina la Chuo Kikuu Huru cha Congo, kina kitivo cha udaktari na kitivo cha sayansi. Biolojia au kemia itampa zile krediti za sayansi na za labo. Faida yake ni gharama: anaweza kulala kwa mjomba na kurudi Yanonge kwa baleniere. Ubaya wake ni kwamba lisansi ya biolojia peke yake haimpi ruhusa ya kugusa mgonjwa. ISTM ya Kisangani nayo ipo kwa masomo ya afya; afike ofisini aulize ni opsyo zipi zimefunguliwa mwaka huo, asitegemee maneno ya barabarani.

Njia ya tatu ni udaktari wenyewe. Ni mrefu, lakini munganga anayejua migongo hakosi kazi popote.

Asichofanya ni kusoma chochote tu « kwa kungojea visa ». Miaka mitatu ya opsyo isiyo na biolojia, kemia wala fizikia ni miaka atakayorudia ng'ambo kwa dola.

Mambo saba ya kuanza nayo sasa

1. Fizikia usiikimbie. Wengi wa biolojia na kemia wanaipita kwa shida kwenye mtihani wa Serikali halafu wanaisahau. Lakini mgongo ni fizikia tupu: mzigo, egemeo, nguvu. Kitunga kikivutwa karibu na mwili kinauma kidogo, kikiwa mbali kinauma zaidi. Anayeelewa sababu ameanza kazi.

2. Anatomia ijifunze kwa mkono. Chora pingili, zihesabu kwenye mgongo wa ndugu yako, tafuta ile inayojitokeza chini ya shingo: mara nyingi ni ya saba. Kitabu cha zamani cha anatomia kinatosha, mifupa haijabadilika.

3. Kiingereza, kila siku nusu saa. Afrika Kusini, Rwanda na Marekani zote zinakiomba, na shule nyingi zinataka mtihani wenye cheti kama TOEFL au IELTS. Mitihani hiyo inalipiwa na cheti chake kina mwisho, kwa hiyo usiifanye miaka mitatu kabla ya kuomba nafasi.

4. Tafuta kukaa karibu na wagonjwa. Omba ruhusa kwenye kituo cha afya kusaidia kazi ndogo wakati wa likizo: kupanga fishi, kumsindikiza mgonjwa. Angalia namna mfolomo anavyouliza maswali. Andika kwenye daftari ulichojifunza, bila majina ya wagonjwa.

5. Linda karatasi. Diploma ya Serikali, bulletini za humanite, alama za kila mwaka wa chuo, na pia maelezo ya kila kozi pamoja na saa zake. Watu wengi wanapoteza hiyo ya mwisho, na ndiyo shule za ng'ambo zinaitumia kuhesabu krediti. Piga picha, tuma kwenye barua pepe yako. Pirogi ikizama, karatasi zisizame nayo.

6. Majina yafanane. Kama bulletini inasema jina moja, diploma jina lingine na pasipoti la tatu, dosye itasimama. Kusahihisha ukiwa hapa ni safari ya Kisangani. Ukiwa ng'ambo ni miezi.

7. Mwili wako ndio chombo chako. Kazi hii ni ya kusimama na kusukuma siku nzima. Fanya mazoezi, jifunze kubeba vizuri, usiharibu mgongo kabla hujaanza kutibu ya wengine.

Feza, na wale wanaokula feza

Tuseme wazi. Shule ya kiropraksi ng'ambo ni minervali, nyumba, chakula, bima na tiketi, kwa miaka minne hadi sita. Familia ya Yanonge haiwezi kubeba hayo kwa chikwange na makala peke yake. Bursi zipo duniani, lakini nyingi zinatazama udaktari, kilimo, ufundi wa mitambo. Mwenye lisansi nzuri na kazi ya miaka miwili ana nafasi zaidi ya kusikilizwa kuliko aliyetoka sekondari jana.

Kwa sababu watu wanaona mlango ni mwembamba, wadanganyifu wanasimama mbele yake. Wa kwanza ni yule wa semina: siku tatu katika sale ya mjini, unalipa, unapewa cheti chenye muhuri kikisema wewe ni « daktari wa kiropraksi ». Linganisha na saa 4200. Siku tatu, hata usipolala, ni saa 72. Anayeanza kugeuza shingo za watu kwa cheti kile anajitafutia kesi, na mgonjwa anajitafutia kiti cha magurudumu.

Wa pili ni yule wa nafasi: « Nitakuandikisha, nipe dola leo, visa iko tayari. » Shule ya kweli inaandika kwa barua pepe yake yenyewe, na minervali inalipwa kwenye akaunti ya shule. Visa inatolewa na ubalozi, hakuna shule wala wakala anayeweza kuiahidi.

Wa tatu ni shule yenyewe isiyotambuliwa. Kabla ya kulipa hata franka moja, uliza swali hili: baraza la kazi hii la inchi ile linaikubali shule hii? Wanaomaliza hapa wanaruhusiwa kutibu hapo hapo? Kama jibu linazungukazunguka, ondoka.

Wazazi, musione aibu kuuliza. Anayekasirishwa na swali la mzazi hana jibu.

Na kama mlango haukufunguka?

Turudi kwa yule binti wa mwaka wa sita. Amesoma kinezitherapi, ameomba Durban, hakupata feza. Je, ameanguka?

Atazame barabara ya kwetu. Moto zimeongezeka, na miguu iliyovunjika nayo. Mtu anatolewa plasta, goti limekauka, hakuna wa kumfundisha kulikunja tena. Mzee amepatwa na kiharusi, upande mmoja umekufa, familia inamlaza kitandani ikingoja Mungu, kumbe mazoezi ya wiki za kwanza yangemrudisha kwenye kiti, pengine mlangoni. Mtoto amezaliwa na nyayo zilizopinda, na plasta za mapema zinazobadilishwa kila wiki zingeweza kuzinyoosha bila operesheni kubwa. Wamama wamebeba mpaka mgongo umekataa. Kazi hiyo yote ni ya mkine. Haina haja ya neno kiropraksi juu ya mlango.

Na sehemu nyingine za mashariki zinaonyesha kwamba kazi hizi zinakua. Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, vinavyojulikana kwa kuhudumia wenye ulemavu. Moshi, Tanzania, tangu mwaka wa 1981 kuna shule ya kutengeneza viungo bandia, TATCOT, iliyopokea wanafunzi kutoka inchi nyingi za Afrika. Na sisi wa mto tusisahau Yakusu, hapo juu kidogo kabla ya Kisangani. Miaka ya 1920, munganga Mwingereza Clement Chesterman wa misioni ya Wabatisti alikuwa akifundisha pale vijana wa vijiji vya mto kazi ya uuguzi. Wengine wakatumwa kupambana na ugonjwa wa malale vijijini. Walianzia karibu, na kitu kilichokuwepo.

Kwa hiyo tunasema hivi kwa mwanafunzi: ukitaka kiropraksi, itake. Ila usijenge nyumba juu ya shule usiyoiona. Jenga juu ya biolojia, fizikia, Kiingereza na kazi inayotambuliwa inchini mwako. Durban ikikuita, utakwenda ukiwa tayari. Isipokuita, kuna mtu hapa sokoni anayekungoja akiwa ameshika kiuno.

Na kwa huyo anayeshika kiuno leo, kabla binti hajamaliza masomo: usilale kitandani wiki nzima, tembea kidogo kidogo. Gawa mzigo uwe miwili. Ukiinua gunia, kunja magoti, ulilete karibu na tumbo. Na ukiona miguu inalegea, mkojo unatoka bila kutaka, homa au kukonda pamoja na maumivu, usiende kwa kinyozi. Nenda kituo cha afya siku ile ile.

Mwenye swali juu ya opsyo, karatasi au shule, alipeleke kwenye studio au kwa mwalimu wa shule yake. Wa mwaka wa sita musingoje matokeo ya mtihani wa Serikali ndipo muanze kuuliza. Wakati huo Kinshasa wamekwisha kujaza viti.